Sumu Ndani ya Jani: Kiwavi wa Hariri wa Nyumbani na wa Porini

Jani la mforsadi likichumwa, tone la utomvu mweupe hutokea papo hapo kwenye kikonyo na kunata vidoleni. Watoto wanaopanda mti huo kutafuta matunda yake meusi wanaujua utomvu huo kama uchafu wa kuoshwa kabla mama hajaona nguo. Kwa mdudu mla majani, tone hilo ni hatari ya kifo. Ndani yake mna alkaloidi zilizo na umbo linalokaribia sana umbo la sukari. Mdudu akizimeza, huingia katika vimeng'enya vya tumbo mahali pa sukari halisi na kuvikwamisha, kama ufunguo wa bandia unaoingia kwenye kufuli usizunguke. Sukari inajaa tumboni, lakini haivunjwi, na mdudu hudumaa au hufa huku amezungukwa na chakula.

Mwaka 2006, Kotaro Konno na wenzake nchini Japani walilithibitisha jambo hili kwa jaribio rahisi kulielewa. Walichukua viwavi wa eri, aina ya viwavi wa hariri wanaofugwa kwa majani ya mbarika, wakawalisha majani ya mforsadi. Viwavi walikufa. Utomvu ulipoondolewa kwanza, majani yale yale yakawa chakula salama kwao. Lakini kiwavi wa hariri wa kawaida, Bombyx mori, yule anayefugwa duniani kote, hula jani la mforsadi pamoja na utomvu wake, na kwa siku 25 hadi 30 uzito wake huongezeka takriban mara 10,000.

Salama yake haitokani na kuivunja sumu. Miaka miwili baadaye, mwaka 2008, kundi la watafiti likiongozwa na Takaaki Daimon liligundua kwamba kiwavi huyu ana kimeng'enya cha ziada cha kuvunja sukari ambacho alkaloidi za mforsadi haziwezi kukikwamisha. Jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho haifanani na jeni za kawaida za wanyama. Inafanana na za bakteria. Zamani sana, katika ukoo wa nondo, kipande cha maarifa ya bakteria kiliingia katika jenomu ya mdudu na kikabaki humo, kikirithishwa mama kwa mwana. Hiyo ni njia ya kwanza ya kuishi na sumu: kuwa na kifaa ambacho sumu haikijui.

Njia ya pili, iliyo pana zaidi, ni kuishika sumu yenyewe, kuibadili na kuitupa nje. Kazi hiyo hufanywa na koo kubwa za jeni zinazofanya kazi kwa kupokezana, hasa katika utumbo wa kati wa kiwavi, katika tishu ya mafuta ambayo kwa mdudu hufanya mengi ya kazi za ini, na katika mirija midogo inayofanya kazi ya figo.

Wa kwanza kuipokea sumu mara nyingi ni ukoo wa saitokromu P450. Hivi ni vimeng'enya vyenye chembe ya madini ya chuma katikati, na kazi yake kubwa ni kupachika atomu ya oksijeni kwenye kemikali ngeni. Sumu nyingi za mimea na za dukani hupenda mafuta kuliko maji, ndiyo maana hupenya ngozi na utando wa seli kwa urahisi. Oksijeni ikishapachikwa, kemikali hupata mahali pa kushikwa na huanza kukubali maji. Karibu nao hufanya kazi ukoo wa karboksilesterasi, ambao hukata viungo vya esta. Ua la pareto, lililolimwa kwa miaka mingi katika nyanda za juu za Kenya, linaua wadudu kwa kemikali zenye viungo vya aina hiyo hiyo, na dawa nyingi za viwandani zilizoigwa kutoka kwenye pareto zina viungo hivyo pia. Mdudu mwenye karboksilesterasi nyingi na kali hukikata kiungo, na dawa hupoteza nguvu kabla ya kufika kwenye neva.

Kisha huja wabandikaji. Ukoo wa GST hubandika kwenye sumu kipande kidogo cha protini kiitwacho glutathioni. Ukoo wa UGT hubandika sukari. Katika hali zote mbili kemikali inakuwa nzito, inayeyuka majini na hairudi kirahisi ndani ya utando wa seli. Mwishoni kabisa ziko pampu za ABC, protini zilizokaa kwenye utando wa seli, zinazotumia nishati kuisukuma nje takataka iliyokwisha kufungashwa.

Kuziita koo si mapambo ya lugha. Jeni hizi zina undugu wa kweli. Wakati seli zinaponakili DNA yake, mara moja moja jeni hunakiliwa mara mbili na nakala zote mbili zikabaki zimekaa jirani. Nakala ya kwanza huendelea na kazi ya zamani. Ya pili ina nafasi ya kubadilika kidogo kidogo, na baada ya vizazi vingi inaweza kuanza kushika kemikali ambayo mzazi wake hakuijua. Ndivyo jeni moja inavyozaa ukoo. Lakini si kila mwana wa ukoo hushughulika na sumu. Baadhi ya P450 za kiwavi hutengeneza homoni inayomfanya ajivue ngozi. Hizo hazithubutu kubadilika, kwa sababu kiwavi asiyejivua hafiki popote. Zinazobadilika upesi ni zile zinazokutana na majani ya kila namna na sumu za kila msimu.

Kwa hiyo ukubwa wa ukoo hueleza kitu juu ya maisha ya mdudu. Nyuki wa asali, anayekula nekta na chavua, ana jeni 46 za P450. Bombyx mori ana zipatazo 80. Funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, ana 114. Huyu wa mwisho hahitaji kutambulishwa kwa watu wa Mbumbuni, huko Makueni nchini Kenya, wala mahali pengine popote pa Ukambani. Ndiye anayeonekana katika maganda ya mbaazi, nusu ya mwili ndani na nusu nje, na ndiye anayehama kutoka mbaazi kwenda pojo, nyanya na mahindi bila kuona shida. Kila mmea una sumu zake, naye ana zana za kila mmoja. GST zake ni 42, wakati za kiwavi wa hariri ni 23.

Funza huyo ametoa pia mfano mmoja wa kushangaza wa namna zana mpya inavyozaliwa. Mwaka 2012 watafiti walieleza jeni ya P450 iliyopatikana kwa wadudu wa Australia waliokuwa hawafi kwa dawa ya fenvalereti. Jeni hiyo haikuwa ya zamani iliyorekebishwa. Ilikuwa jeni mbili jirani zilizokatika na kuunganishwa, kichwa cha moja na mkia wa nyingine, na kimeng'enya kilichotokana nazo kikawa na uwezo wa kuivunja dawa hiyo ambao wazazi wake wawili hawakuwa nao. Mkulima anayeongeza kipimo cha dawa kila msimu anashindana na karakana inayoweza kuunda kifaa kipya kutokana na vipande vya zamani, na mara nyingi anayeumia mapema zaidi katika shindano hilo ni mdudu aliye na manufaa kwake.

Kiwavi wa hariri wa nyumbani ni mmoja wa hao wenye manufaa. Alitokana na nondo wa porini aitwaye Bombyx mandarina, ambaye bado anaishi kwenye miforsadi ya mwituni Uchina, Korea na Japani. Ufugaji ulianza Uchina yapata miaka 5,000 iliyopita. Mwaka 2009 watafiti walisoma jenomu za aina 29 za nyumbani na 11 za porini, wakakuta kwamba wa nyumbani wamehifadhi takriban asilimia 83 ya tofauti za kijeni zilizomo kwa ndugu zao wa porini, na kwamba jeni 354 zina alama za kuchaguliwa na mkono wa binadamu. Nyingi kati ya zile ambazo kazi yake inafahamika zinahusu matumizi ya nishati, uzazi na uwezo wa kuruka. Nondo wa nyumbani ana mabawa lakini haruki. Anasubiri alipotokea, anajamiiana, anataga mayai mia kadhaa na kufa bila kuonja chakula.

Kwa hesabu ya jeni za kuondoa sumu, ndugu hawa wawili hawajaachana sana. Wote wanakula mforsadi, na miaka 5,000 ni muda mfupi kwa ukoo mzima wa jeni kufutika. Tofauti iko zaidi katika nguvu ya matumizi: jeni ipi inawashwa, wapi, na kwa kiasi gani pale sumu inapoingia. Majaribio yameonyesha kwamba kiwavi wa porini huvumilia baadhi ya dawa za kuua wadudu, kama foksimu, kuliko wa nyumbani. Na hilo lina sababu. Kiwavi wa porini anayeshindwa kuvunja sumu hufa juu ya mti na jeni zake hufa naye. Kiwavi wa nyumbani hulishwa jani safi lililochaguliwa, katika chumba kilichofagiliwa, na mfugaji humchagua kwa uzito wa kifukofuko chake na urefu wa uzi. Vimeng'enya vinavyotengenezwa bila kazi ni protini iliyopotea, na protini ndiyo hariri yenyewe. Vizazi elfu kadhaa vya uangalizi mwema vimempa binadamu mdudu anayefuma uzi mmoja wa karibu kilomita nzima, na vimemwacha mdudu huyo bila ngao ya maana.

Hata hivyo koo hizi hazikulala usingizi kabisa. Katika aina fulani za Bombyx mori, vifukofuko huwa vya kijani badala ya vyeupe. Mwaka 2010 ilibainika kwamba rangi hiyo inatokana na jeni moja ya ukoo wa UGT. Jani la mforsadi lina kwasetini, kemikali ya rangi inayopatikana pia kwenye kitunguu. Kimeng'enya cha kiwavi hubandika sukari kwenye kwasetini, nayo husafiri katika damu hadi kwenye tezi za hariri na kuishia katika kifukofuko, ambako huzuia miale mikali ya jua isimfikie bundo aliyemo ndani. Kazi iliyoanza kama utupaji wa takataka imegeuka kuwa mwavuli.

Pampu za ABC nazo zina upande wake wa hatari. Bakteria aitwaye Bt hutoa sumu inayotumiwa na wakulima dhidi ya viwavi waharibifu. Kwa kiwavi wa hariri, sumu hiyo hutumia mojawapo ya pampu hizo kama mlango wa kuingilia. Mwaka 2012 wanasayansi wa Japani walionyesha kwamba asidi-amino moja tu ikiongezwa katika pampu hiyo, mlango hufungwa na kiwavi huishi. Kwa hiyo jeni ya ukoo wa kuondoa sumu inaweza kuwa mlinzi leo na msaliti kesho, ikitegemea ni sumu ipi inayobisha hodi.

Ukambani una viwavi wake wa hariri ambao hawajawahi kulishwa na mtu. Kaskazini mwa Kitui, katika misitu ya Imba na Mumoni upande wa Mwingi, anaishi Gonometa postica, nondo wa hudhurungi mwenye mwili mnene ambaye viwavi wake hula majani ya migunga. Si jamaa wa karibu wa Bombyx. Yuko katika familia nyingine kabisa ya nondo, na ufumaji wake wa hariri ni wa ukoo tofauti. Hutokea kwa vizazi viwili kwa mwaka, kufuata misimu miwili ya mvua. Kifukofuko chake kinaning'inia kwenye tawi la miiba kama kokwa gumu la rangi ya kahawia, kimechomekwa vinywele vinavyowasha ngozi. Anayekishika kwa mkono mtupu hukumbuka kwa siku nzima.

Mgunga haukubali kuliwa bure. Miiba yake ni kwa ajili ya mbuzi na twiga. Kwa wadudu una tanini, kemikali zile zile zinazofanya magome yake yafae kulainishia ngozi, ambazo hushikamana na protini na kuifanya isimeng'enyeke. Migunga ya aina fulani huhifadhi pia kemikali zinazotoa sianidi jani likitafunwa. Viwavi wa nondo hukabili tanini kwanza kwa hali ya utumbo wao: umejaa alikali, kipimo chake cha pH kikipita 9, na katika hali hiyo tanini hupoteza nguvu ya kukamata protini. Lakini tanini katika alikali huungana na oksijeni na kutoa kemikali kali zinazojeruhi seli, na hapo GST na wenzake huingia kazini. Kwa sianidi, jamii ya nondo ina kimeng'enya kingine ambacho, kama kile cha sukari cha mforsadi, asili yake ni jeni ya bakteria. Hivyo mdudu wa porini wa Mwingi analipa ushuru mzito kwa kila jani, na hakuna mtu anayemsafishia chakula.

Hariri yake pia inabeba alama za maisha hayo. Kifukofuko kimepakwa fuwele za chumvi ya kalisi, ndiyo maana ni kigumu kuliko cha Bombyx na uzi wake haukuweza kufumuliwa mzima mzima. Ulisokotwa kama pamba baada ya vifukofuko kuchemshwa. Mwaka 2011, watafiti wakiwemo Fritz Vollrath wa Oxford na Suresh Raina wa icipe walieleza namna ya kuziyeyusha fuwele hizo bila kuuharibu uzi, hata ukafumuliwa moja kwa moja. Taasisi ya icipe, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ilishughulika na wanakijiji wa Mwingi katika kukusanya vifukofuko na kulinda migunga dhidi ya kukatwa kwa ajili ya makaa. Mwanasayansi Mkenya Esther Kioko ni miongoni mwa waliofanya kazi ya msingi ya kuwatafuta na kuwaeleza nondo wa hariri wa porini nchini. Kazi hiyo inastahili kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana.

Mbumbuni yenyewe, upande wa Makueni, chini ya vilima vya Mbooni na kabla nchi haijateremka kuelekea mto Athi, ni mahali pa maembe, machungwa, mbaazi na pojo. Mforsadi unastahimili ukame kiasi, unachipua upesi ukikatwa, na Kenya ina kituo cha utafiti wa hariri huko Thika chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Mtu anayefikiria kumfuga Bombyx mori kando ya miembe yake ana mambo ya kupima, na kubwa kuliko yote linatokana na zile koo tano za jeni. Mwembe hupigwa dawa dhidi ya mbawakavu, vidugamba na inzi wa matunda, hasa huyu aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, Bactrocera dorsalis. Kiasi cha dawa ambacho funza wa vitumba angekivunja kabla ya adhuhuri kinaweza kuiangamiza trei nzima ya viwavi wa hariri.

Dalili zake zinaonekana haraka. Kiwavi aliyekula jani lenye dawa ya neva huacha kula, huinua kichwa na kukiyumbisha huku na huku, kisha hutapika maji ya kijani au ya kahawia. Mwili hujikunja na kuwa mfupi. Anaanguka kwa ubavu, miguu ikitetemeka, na trei iliyokuwa na mlio wa kutafuna inanyamaza. Dawa za jamii ya pareto ya viwandani ni mbaya zaidi kwa jambo hili, maana hubaki kwenye jani na kuendelea kuua kwa wiki kadhaa, si kwa siku mbili tatu. Tumbaku nayo haipaswi kuwa jirani. Katika nchi za Asia, nikotini iliyopeperushwa kutoka mashamba ya tumbaku hadi kwenye miforsadi imewatia hasara wafugaji wengi.

Zipo pia dawa ambazo hazitoi dalili hata moja mapema. Nchini Italia, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wafugaji waliona viwavi wao wakikua vizuri, wakinenepa kupita kawaida, kisha wakikataa kufuma. Lawama ilielekezwa kwa fenoksikabu, dawa iliyopulizwa kwenye bustani za matunda, ambayo huiga homoni ya utoto ya mdudu. Kiasi kidogo sana kilichopeperushwa hadi kwenye miforsadi kilitosha kumwambia kiwavi kwamba wakati wa kuwa mtu mzima haujafika. Aliendelea kula hadi akafa.

Mpangilio wa shamba ndio unaobeba mzigo ambao mwili wa mdudu hauwezi. Miforsadi hupandwa upande upepo unakotoka, siyo upande unakoelekea, na miti mirefu isiyopigwa dawa huachwa katikati kama ukuta. Bomba la dawa ya miembe halitumiwi kunyunyizia chochote karibu na miforsadi hata likioshwa, na mtu aliyepuliza dawa asubuhi haingii chumba cha viwavi na nguo zile zile. Majani yakitiliwa shaka, hayamwagwi kwenye trei zote. Wafugaji wazoefu huwatenga viwavi wachache, huwapa majani hayo na kuwaangalia kwa siku nzima. Wakiendelea kula na kuacha vinyesi vikavu vyeusi kama punje za pilipili manga, wengine hulishwa. Wakiinua vichwa na kuyumba, tawi lile halichumwi tena msimu huo.